Pikapu Iliyoshushwa: Kugonga ni Kosa Moja, Kutetemeka ni Jingine

Pikapu iliyoshushwa ikifika gereji, mwenyewe hutoa malalamiko yote kwa pumzi moja: inagonga na inatetemeka. Fundi hupiga balansi tairi, hufunga shokapu mbili mpya za nyuma, hupokea hela yake, na gari huondoka. Kabla halijafika Ushirombo kutoka Kahama, malalamiko yamesharudi. Tatizo ni usomaji mbaya. Kugonga na kutetemeka hutokea ndani ya gari moja, pengine kwenye shimo moja, lakini ni makosa mawili ya fani yenye asili tofauti. La kwanza ni kosa la nafasi: chuma hakina pa kwenda. La pili ni kosa la mizani: vitu vinavyopaswa kugeuka kwa mapigo yanayolingana vimepotezana. Anayelitibu la pili kwa dawa ya la kwanza atanunua vipuri mpaka achoke.

Kanda hii ya migodi ya dhahabu kwa kawaida haishushi pikapu, huiinua. Kutoka Shinyanga hadi Kahama, Kakola, Nyarugusu, Katoro na Geita mjini, pikapu ipo kwa ajili ya mzigo: matimba ya kushikilia kuta za maduara ya wachimbaji, mapipa ya dizeli, pampu za kuvuta maji, viroba vya mawe vinavyopelekwa karashani kusagwa. Migodi mikubwa, ule wa Geita ulioanza kuzalisha mwaka 2000 na Bulyanhulu uliofuata 2001, imewazoesha watu kuona Land Cruiser nyeupe zilizosimama juu, na bendera ndefu inayopepea kwenye fimbo. Mchimbaji mdogo naye akinunua Hilux iliyotumika, jambo la kwanza ni kuiongezea bapa moja au mawili kwenye springi za nyuma. Urefu ndio uzuri wa huku, kwa sababu njia zenyewe zinaudai. Udongo mweusi wa mbuga za Kishapu huvimba masika na kupasuka kiangazi, na barabara za changarawe huota mikunjo inayokata njia kutoka ukingo hadi ukingo. Mikunjo hiyo si uzembe wa mwenye greda peke yake. Mwaka 2007 wanafizikia Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walionyesha kwa majaribio kwamba gurudumu likipita juu ya mchanga kwa mwendo unaozidi kiwango fulani, mikunjo hujitengeneza yenyewe, hata kama gurudumu halina springi kabisa. Yaani barabara ya vumbi ina mapigo yake kabla gari lako halijaleta ya kwake.

Katikati ya hali hiyo pikapu fupi huja kwa njia mbili. Moja ni ya kutaka: kijana wa mjini, mara nyingi mwenye hela ya dhahabu au ya biashara inayoizunguka dhahabu, ameona Crown na Mark X zilivyoshushwa, naye anataka Hilux yake ikae vivyo hivyo, tairi limejificha nusu ndani ya matagadi. Nyingine ni ya kuchoka: springi zimebeba mawe miaka mingi hadi zimenyooka, na gari limejishusha lenyewe. Mwenye la kwanza anatembea na tabasamu, mwenye la pili anatukana. Chini ya chesisi, lakini, wote wawili wana maswali yaleyale.

Ili kuona kilichoharibiwa, lazima kwanza kusoma kilichokuwepo. Pikapu ya kazi imejengwa juu ya chesisi ya ngazi, mihimili miwili mirefu na vyuma vya kukatisha. Nyuma kuna ekseli nzima, ambayo mafundi wetu huiita difu yote kwa jumla, imefungwa kwa yubolti kwenye springi za bapa. Bapa kuu lina tundu kila mwisho. Tundu la mbele limeshikwa palepale kwenye chesisi, la nyuma limeshikwa na kiungo kinachobembea. Kiungo hicho kina kazi ambayo wengi hawaioni: springi ikibonyea hunyooka, na ikinyooka inakuwa ndefu, kwa hiyo lazima mwisho wake mmoja uruhusiwe kusogea. Ukiuzuia, springi inageuka kuwa gogo. Springi hizo zimepimwa kwa mzigo wa kama tani moja, ndiyo maana pikapu tupu hurukaruka hata ikiwa mpya kabisa. Ugumu huo ni wa kuzaliwa. Ukiuita ugonjwa utaanza kulikata gari lisilo na shida.

Kushusha magari kwa ajili ya sura si uvumbuzi wa juzi. Wamarekani wenye asili ya Meksiko huko California walianza kufanya hivyo miaka ya 1940, na jimbo likachukizwa kiasi cha kutunga sheria mwaka 1958 kwamba sehemu yoyote ya gari isiwe chini ya ukingo wa chini wa rimu. Mwaka uliofuata Ron Aguirre aliifungia Corvette yake mitambo ya haidroliki ili ashuke akiegesha na apande akiona askari. Marufuku ya magari mafupi iliondolewa California kuanzia Januari 2024. Muda mrefu kabla ya hapo, hasa miaka ya 1980, mtindo huo uliangukia pikapu ndogo za Kijapani, Hilux zikiwemo, na njia zilizotumika wakati ule ndizo hizi zinazotumika leo: kuweka kipande cha chuma kati ya ekseli na springi, kukata springi za mbele, au kuihamisha ekseli nzima.

Hilux ninayoisoma hapa niliikuta gereji moja ya Kahama imekaa juu ya magogo, tairi za nyuma zimetolewa. Ni ya magurudumu manne yanayovuta, milango miwili, rangi nyeusi, na kwa nje kazi imepangwa vizuri. Sifa yake kwanza: mstari wa chini wa mlango unaendana na mstari wa bodi hadi kwenye bampa ya nyuma, hakuna mkao wa kuinua mkia kama chura anayetaka kuruka. Aliyeichora kichwani alikuwa na jicho. Kwenye Hilux za aina hii ekseli hukaa chini ya springi. Fundi ameikata mikalio ya springi, ameihamishia upande wa pili wa bomba la ekseli, kisha ameipandisha ekseli juu ya springi. Kwa hila hiyo moja gari hushuka kwa unene wa bomba pamoja na unene wa springi, karibu sentimita 12 hadi 15. Ni badiliko kubwa kwa kazi ya siku moja ya kuchomelea, na ndiyo maana linapendwa.

Sasa tazama chini. Juu ya ekseli, chini kabisa ya mhimili wa chesisi, kuna raba nyeusi ya kuzuia. Uso wake umesuguliwa ukawa bapa na unang'aa. Kwenye bomba la ekseli, palepale raba inapofika, rangi imetoka na chuma kimebaki cheupe, eneo la ukubwa wa sarafu ya shilingi 200. Nafasi iliyokuwa ya shubiri imebaki ya vidole vitatu. Huhitaji kifaa kusoma hapo. Gari hili halina mwendo wa kushuka; kila shimo linamaliza nafasi, ekseli inaifikia raba, na kuanzia hapo springi haifanyi kazi tena. Uzito wote unagonga chesisi moja kwa moja na dereva anaupokea kwenye uti wa mgongo.

Shokapu mpya zinaweza kufanya nini hapo? Hakuna. Zaidi, zinaweza kuongeza balaa. Shokapu iliyotengenezwa kwa urefu wa zamani, ikifungwa kwenye gari lililoshuka sentimita 12, inaishi nusu imekunjwa. Ikipata shimo inafika mwisho wake wa ndani kabla hata raba haijaguswa, pistoni inapiga kitako, na baada ya muda mfupi mafuta yanavuja. Fundi anaona mafuta, anasema shokapu ni feki, analeta nyingine ya urefu uleule. Ninasikitika kusema kwamba nyingi za hizo feki hazikuwa feki.

Dawa ya kugonga ni kurudisha nafasi. Chesisi hukatwa nusu duara juu ya ekseli na kuimarishwa kwa pleti nene iliyochomelewa pande zote, kazi isiyotakiwa kufanywa na mtu anayejifunza, kwa sababu hapo ndipo gari linapovunjika likikosewa. Shokapu huchaguliwa kwa urefu wa sasa, au kishikio chake cha juu huhamishwa. Raba ya kuzuia hupunguzwa urefu, haiondolewi; nimeona walioiondoa kabisa ili pasigongwe, na matokeo yakawa chuma kwa chuma. Halafu kiungo kile cha nyuma cha kubembea: springi ikishalala imenyooka, kiungo huegemea upande, na kikiegemea hadi kugusa chesisi springi haiwezi kurefuka tena. Mtu atalaumu ugumu wa bapa, kumbe bapa limefungwa miguu. Hata bushi zina siri yake. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, ekseli inaning'inia, raba ya ndani hushikwa ikiwa imesokotwa, na gari likishushwa chini inabaki inavuta muda wote. Boliti za bushi hukazwa tairi zikiwa ardhini, uzito wote ukiwa umekaa.

Mbele mambo ni mepesi zaidi, na hatari yake ni ya kipumbavu zaidi. Hilux nyingi za kabla ya toleo la Vigo zenye gurudumu huru mbele zinabebwa na fito za chuma zinazosokotwa, kwa hiyo kushusha ni suala la spana na boliti mbili. Alaimenti ikipigwa baadaye, yamekwisha. Zenye springi za koili ndizo zinazonyanyaswa. Kukata mizunguko ya koili hulishusha gari lakini huikaza springi, kwa kuwa koili yenye mizunguko michache ni ngumu zaidi. Kuipasha moto kwa gesi hadi ilegee ni kuiua: chuma kinapoteza uimara kiliopewa kiwandani, upande mmoja unalala kuliko mwingine, na siku moja koili inakatika. Yeyote anayekuambia kwamba gesi ndiyo njia ya haraka anasema kweli. Ni ya haraka.

Yote hayo ni ya kugonga. Yatimize, na Hilux ile itapita matuta ya Kahama mjini bila kelele. Lakini ikitoka mjini kwa lami kuelekea Isaka na kufikisha kilomita 80 kwa saa, bado itatetemeka, na hapo ndipo usomaji unapokuwa wa sikio.

Mtetemo una idadi. Tairi lenye mzunguko wa mita 2.4, gari likiwa kilomita 80 kwa saa, hugeuka kama mara 9 kwa sekunde. Difu yenye uwiano unaokaribia 4 kwa 1 inaifanya propela, mhimili unaotoka gia boksi hadi difu, igeuke kama mara 37. Na kila krosi, yaani kiungo cha kwenye ncha ya propela, inayofanya kazi ikiwa imepinda huiharakisha na kuichelewesha propela mara mbili kwa kila mzunguko, jumla kama mara 74. Kwa hiyo zipo sauti tatu, na mtu yeyote makini anaweza kuzitofautisha bila mashine. Ya 9 ni kutikisika kwa mwili: usukani unacheza kama kosa liko mbele, kiti kinacheza kama liko nyuma. Hiyo ndiyo ya tairi na rimu, na balansi inaitibu. Ya 37 ni mvumo, unausikia sakafuni kwenye nyayo: propela imepinda au imepoteza uzito wake wa kusawazisha. Ya 74 ni mlio mwembamba unaotetemesha dashibodi, kioo cha nyuma kinaonyesha magari mawili badala ya moja. Hilux yetu ilikuwa na huu wa tatu. Iliwahi kupigwa balansi. Haikusaidia, na isingeweza kusaidia.

Krosi mbili za propela hufanya kazi pamoja kama vipande viwili vya mshororo wa shairi, ukwapi na utao. Krosi ya kwanza, ile ya kwenye gia boksi, inaposukuma mzunguko mbele kidogo, ya pili kwenye difu huurudisha nyuma kwa kiasi kilekile, na kinachoingia difuni ni mzunguko laini. Ukipunguza silabi kwenye utao, ukwapi hauna makosa, ila mshororo mzima umekufa. Ulinganifu huo unataka mambo mawili. Kwanza, mhimili unaotoka gia boksi na mhimili unaoingia difuni iwe sambamba, ili pembe za krosi zilingane, tofauti isizidi kama nyuzi 1. Pili, masikio ya krosi kwenye ncha mbili za propela yawe yamesimama kwenye mstari mmoja.

Kumbe kushuka kwenyewe hakuleti mtetemo. Gari laweza kushuka shubiri nzima na likabaki laini iwapo pua ya difu imebaki sambamba na mkia wa gia boksi. Kilichoiponza Hilux hii ni dakika chache za mikalio ile ya springi kuchomelewa upya. Fundi aliiweka kwa jicho, akahakikisha iko sawa kulia na kushoto, jambo alilolifanya vizuri, lakini hakuna aliyepima pua ya difu inatazama wapi. Ilikuwa inatazama juu kupita kiasi. Ushahidi wa pili ulikuwa chini ya sakafu ya bodi: mstari mwembamba wa grisi, ulionyooka kukatisha gari, juu kabisa ya krosi ya nyuma. Krosi iliyokuwa inafanya kazi kwa pembe mbaya ilikuwa imepasua muhuri wake na kuirusha grisi kila inapozunguka.

Kosa la masikio nalo lipo sana kuliko linavyotajwa. Propela inapotolewa, kipande chenye splaini huchomoka. Kikirudishwa kimeruka jino moja tu, ukwapi na utao havisomeki tena pamoja. Alama ya chaki au ya tindo kabla ya kuichomoa inatosha kuliepusha. Na kwa pikapu ndefu zenye propela ya vipande viwili, kuna beringi ya katikati iliyoning'inizwa chini ya chesisi. Gari likishushwa nyuma, kipande cha mbele cha propela kinabaki na pembe yake, cha nyuma kinapata mpya, kwa hiyo beringi hiyo lazima nayo ipandishwe au ishushwe kwa vipande vya chuma hadi pembe zikubaliane.

Kurekebisha pua ya difu hakuhitaji kubomoa. Kabari ya chuma huingizwa kati ya springi na mkalio wake, upande mnene ukielekezwa mbele au nyuma kulingana na pua inavyotakiwa kuinama, kisha senta bolti ndefu zaidi na yubolti mpya zikazwe. Ziwe kabari za chuma kigumu. Za aluminiamu hupondeka chini ya mzigo. Kwa springi za bapa pua hupelekwa nyuzi 1 au 2 chini ya usambamba, kwa sababu gari likivuta, ekseli hujikunja na kuinua pua yenyewe. Mtetemo unaokuja wakati wa kuondoka na mzigo kisha ukapotea ni huo wa kujikunja, na huzidi pale watu wanapofunga vipande virefu vya chuma kati ya springi na ekseli. Kupima kunaweza kufanywa kwa kipimapembe na timazi, au kwa programu ya simu inayosoma mwinamo, simu ikiegemezwa kwenye uso bapa wa pua ya difu, kisha kwenye uso bapa nyuma ya gia boksi. Ni kazi ya dakika kumi na haina gharama.

Kwenye ushairi nako, mwaka 1974 mshairi Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani ya kimapokeo, na ugomvi ukapamba moto. Waliomtetea kwa hoja nzuri hawakusema kwamba mizani haina maana. Walisema aliyeiacha ile ya kale analazimika kutafuta mpangilio mwingine ndani ya mistari yake mwenyewe. Hukumu yangu juu ya Hilux nyeusi ni hiyohiyo. Mwenye gari hakukosea kuvunja umbo la kiwandani, na wanaodai pikapu ya Geita lazima iwe ndefu wanachanganya desturi na sheria ya fizikia. Amekosea kuacha kazi nusu njia. Alibadilisha urefu, kitu kinachoonekana barabarani, akaacha nafasi na pembe, vitu vinavyoonekana na mtu aliyelala chali chini ya gari tu.

Ila kuna mpaka. Pikapu iliyohamishiwa ekseli juu ya springi, hata ikirekebishwa kwa ustadi wote huu, haina tena nafasi ya kubeba tani yake. Pakia viroba vya mawe na raba itakuwa imeguswa gari likiwa bado limesimama. Kwa hiyo kama riziki yako iko njia ya karashani, lirudishe juu, uweke springi nzima, usafishe kutu katikati ya mabapa ili yateleze, na uachane na sura. Kama gari ni la mjini na la lami, lishushe. Lakini kabla fundi hajawasha mashine ya kuchomelea, mwombe apime pua ya difu na mkia wa gia boksi, aziandike namba zote mbili kwa chaki kwenye chesisi mbele yako. Zisipoandikwa, usimruhusu achomelee.